Mwongozo kamili: kupiga picha za mawingu ya Zuhura kwa urujuanimno mpaka upime upepo wake

Kila Zuhura inapokaa vizuri angani naletewa picha za aina moja kutoka kwa watu tofauti kabisa. Kiduara cheupe kimekatwa nusu, safi, hakuna doa hata la kusingizia, na swali ni lilelile: nimenunua filta, nimefuata maelekezo, mbona mawingu siyaoni?

Jibu karibu kila mara ni kwamba urujuanimno wenyewe (UV, mwanga uliopita zambarau ambao macho hayauoni) haujafika kwenye kamera. Kilichofika ni infraredi (IR, mwanga uliopita wekundu, nao hauonekani kwa macho) iliyopenya kwa mlango wa nyuma, na kwa mwanga huo Zuhura kweli karibu haina kitu cha kuonyesha. Sasa mwongozo huu nimeupanga kwa kuanzia hapohapo panapowaangusha watu, sio kwenye darubini. Usiruke hatua ya kwanza hata kama una haraka vipi, maana huko mbele hakuna programu itakayokuokoa.

Kwa nini urujuanimno na sio mwanga mwingine

Zuhura imefunikwa gubigubi na mawingu ya matone ya asidi ya salfuriki, na kwa macho yetu mawingu hayo ni meupe mwanzo mwisho. Ukishuka chini ya nanomita 400 za urefu wa wimbi la mwanga mambo yanabadilika. Juu kule kilomita 65 mpaka 70 kutoka ardhini kuna kitu ndani ya mawingu kinachonyonya mwanga huo, pale kilipo kingi panakuwa peusi, kilipo kidogo panabaki peupe. Ni kitu gani hasa wanasayansi bado wanabishana, wapo wanaosema ni aina fulani za salfa, wapo wanaosema kloridi ya chuma, ila wanakubaliana kwamba peke yake kinanyonya karibu nusu ya nishati yote ya jua inayoishia ndani ya sayari ile. Kwa hiyo ukipiga picha ya madoa yale unapiga picha ya kitu kinachoendesha hali ya hewa ya sayari nzima, na mimi hilo linanisisimua kila mara.

Chini ya nanomita 320 hivi kuna dioksidi ya salfa nayo inaanza kunyonya, lakini huko sisi wa ardhini hatufiki vizuri kwa sababu ozoni ya dunia yetu inatuzibia. Dirisha letu ni kati ya 320 na 400, na patamu ni 350 mpaka 365.

Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

Darubini ya vioo. Ya Newton yenye kipenyo cha milimita 150 kwenda juu inatosha, 200 ndio raha. Kioo kilichopakwa alumini kinarudisha urujuanimno vizuri tu. Darubini za lenzi ziache, nyingi zinaumeza huu mwanga na zinazoupitisha zinaupeleka kwenye fokasi tofauti ukaishia na ukungu. Zile za Schmidt-Cassegrain na Maksutov zinafanya kazi, zina kioo cha mbele kinachopunguza mwanga kidogo lakini sio cha kukukatisha tamaa. Kile kioo cha pembe cha kupindishia mwanga kitoe kabisa, kamera ikae moja kwa moja nyuma.

Kamera ya sayari isiyo ya rangi, yaani ile ya nyeusi na nyeupe. Kamera ya rangi ina vifilta vidogo juu ya kila pikseli na vifilta hivyo vinazuia sehemu kubwa ya urujuanimno huku vikiruhusu infraredi, yaani kinyume kabisa na unachotaka. Alafu angalia kile kioo kinacholinda sensa, kama kimeandikwa kinakata UV na IR basi kamera hiyo haifai mpaka ukibadilishe, weka cha kawaida kinachopitisha vyote.

Filta. Hapa ndo pesa inapokwenda. Ya uhakika ni ile ya Baader iliyotengenezwa maalum kwa Zuhura, inapitisha kipande cha nanomita 60 hivi katikati yake ikiwa 350 na huko kwingine inafunga. Ni ghali. Njia ya pili ni kupanga vioo viwili, kimoja cha aina ya UG11 au ZWB2 ambacho kinapitisha urujuanimno ila kinavujisha infraredi baada ya nanomita 700, na kingine cha bluu-kijani cha aina ya BG39 kinachoziba huo uvujaji. Viwili hivyo pamoja ni rahisi zaidi kwa mbali na vinafanya kazi ya heshima. Wanaouza ZWB2 peke yake wakikuambia ni filta ya urujuanimno hawajadanganya, ila hawajakwambia habari yote. Ipo njia ya tatu, filta ya zambarau namba 47 pamoja na kizuizi cha infraredi, hiyo utaona vivuli hafifu sana na kupima upepo itakuwa shida.

Filta nyekundu namba 25, ya bei ya chini kabisa. Sio ya kupigia picha, ni ya kupimia. Utaona matumizi yake sasa hivi.

Mengine: stendi yenye mota inayofuata anga, kompyuta yenye nafasi ya kutosha kwenye diski maana video moja inakula gigabaiti kadhaa, na programu nne za bure: FireCapture ya kurekodi, AutoStakkert ya kurundika fremu, RegiStax ya kunoa na WinJUPOS ya kupima. Lenzi ya Barlow, ile ya kukuzia picha, ukiwa nayo ni sawa, ila chukua ile ya vioo viwili, zile za vioo vingi kila kioo kinakula mwanga wako.

Hatua ya 1: Pima filta mchana, kabla ya kwenda kwa Zuhura

Funga kamera na filta kwenye darubini kama utakavyofanya siku yenyewe. Elekeza kwenye mti wa mbali wenye majani mabichi na anga nyuma yake, uwe umelipa jua mgongo kabisa. Angalia picha kwenye kompyuta.

Majani mabichi yanang'aa sana kwa infraredi na kwa urujuanimno yanakuwa karibu meusi. Kwa hiyo kama mti wako umetokea mweupe na anga ni jeusi nyuma yake, filta inavuja na ndio maana Zuhura yako haina mawingu. Kama mti ni mweusi na anga ni jeupe lenye utusiutusi, upo kwenye mwanga sahihi.

Sasa hakikisha. Bila kubadilisha muda wa fremu wala geini ya kamera (kiasi inachokuza mwanga iliyoupokea), weka ile filta nyekundu mbele ya filta ya urujuanimno. Nyekundu inazuia urujuanimno wote lakini inapitisha infraredi, kwa maana hiyo kitakachobaki kwenye skrini ni uvujaji mtupu. Skrini ikizima umefaulu. Mti ukiendelea kuonekana, ongeza kioo kingine cha BG39 au cha unene mkubwa zaidi alafu rudia.

Kwa nini nasisitiza hivi? Sensa za silikoni zinaona infraredi vizuri kuliko urujuanimno, tena sana, kwa hiyo uvujaji ambao kwenye grafu ya muuzaji unaonekana kidogo, kwenye kamera unaweza kuwa ndio nusu ya picha. Na mawingu ya Zuhura hayana utofauti mkubwa wa weupe na weusi, ukiongezea nusu ya picha isiyo na kitu juu yake, kilichokuwepo kinafutika.

Hatua ya 2: Chagua msimu na saa

Zuhura haiendi mbali na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, na mzunguko wake wa kuonekana unajirudia kila siku 584. Wakati mzuri ni pale sayari ikiwa nusu au zaidi ya nusu, kipenyo chake angani kikiwa kati ya sekunde 12 na 25 za tao (nyuzi moja ina sekunde 3600 za tao). Ikiwa kubwa zaidi ya hapo inakuwa hilali nyembamba, ni nzuri kuitazama lakini eneo la mawingu linabaki dogo mno.

Kati ya jioni na alfajiri, mimi nakushauri alfajiri. Jioni ardhi imeshachemka kutwa nzima na hewa inatetemeka, alafu kila dakika inayopita sayari inazidi kushuka. Alfajiri hewa imetulia na sayari inapanda. Kwa sisi wa karibu na ikweta, Zuhura ikiwa mbali kabisa na jua upande wa asubuhi inachomoza kwenye saa tisa na nusu usiku, saa kumi na moja na nusu ipo nyuzi 30 hivi juu, na saa mbili asubuhi imepanda nyuzi 60 na zaidi. Hapo una dirisha la zaidi ya saa mbili, na ndilo utakalolihitaji kupima upepo.

Chini ya nyuzi 30 usirekodi. Hewa ya dunia inatawanya urujuanimno kuliko rangi nyingine yoyote, tena inaupinda kwa viwango tofauti hata ndani ya hicho kipande kidogo cha filta yako, kwa hiyo sayari ikiwa chini picha inavutika kwenda juu na chini na hakuna wa kuirudisha. Kadri inavyopanda tatizo linapungua. Walioko Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya au Kigali mna bahati, mmeshapanda juu ya sehemu nzito ya hewa. Wa Dar, Mombasa na Unguja mnaweza pia, ila chagueni siku kavu baada ya mvua kusafisha vumbi, na msipige chini ya nyuzi 40.

Historia siileti hapa, ila hili moja linahusu anga letu moja kwa moja: mwaka 1957 Charles Boyer, hakimu Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Brazzaville na kupenda nyota, alipiga picha za Zuhura kwa urujuanimno akitumia darubini ya sentimita 26, na kwa picha hizo yeye na mwenzake Henri Camichel wakagundua kwamba mawingu yanaizunguka sayari kwa siku 4 hivi. Ikweta ilimsaidia, sayari ilimkalia juu. Darubini yako ya milimita 200 yenye kamera ya kisasa ina nguvu kuliko alichokuwa nacho, sizidishi chumvi.

Tahadhari ya jua, isome hii mara mbili

Ukiendelea kurekodi baada ya jua kuchomoza, darubini isisogezwe kabisa isipokuwa na mota inayofuata Zuhura. Usitafute sayari kwa kupapasapapasa anga mchana. Kidarubini cha kutafutia kifunike au kitoe. Jua likipita kwenye darubini hata sekunde moja wakati jicho lipo pale, jicho limekwenda, na kamera hali kadhalika. Kama kuna watoto nyumbani waamke wakikuta darubini ina mtu mzima kando yake, isiachwe peke yake.

Hatua ya 3: Panga darubini

Iweke kwenye nyasi au udongo, sio kwenye zege na hasa sio juu ya paa la bati. Itoe nje saa nzima kabla ili kioo kipoe kilingane na hewa. Kolimesheni, yaani mpangilio wa vioo kuelekeana, iwe imenyooka, ifanye kwa nyota ukiwa na giza bado. Urujuanimno una mawimbi mafupi kwa hiyo kosa dogo la kioo ambalo kwa mwanga wa kawaida ungelisamehe, hapa linaonekana wazi.

Ukubwa wa picha: chukua ukubwa wa pikseli ya kamera yako kwa mikromita uzidishe kwa 4 au 5, hiyo ndiyo f (urefu wa fokasi ya darubini gawa kwa kipenyo chake) unayoitaka. Pikseli ya mikromita 2.9 inataka f/12 mpaka f/14 hivi. Usikuze zaidi ya hapo, mwanga hautoshi, utaishia kupata picha kubwa ya chengachenga.

Hatua ya 4: Fokasi

Baada ya filta, hapa ndipo wengi zaidi wanapopotea. Ukiweka fokasi kwa macho au kwa filta nyingine alafu ukabadilisha filta ukaanza kurekodi, umeshakosea, unene wa filta unasogeza fokasi na Barlow ikiwepo inasogea zaidi. Tafuta Zuhura bila filta, iweke katikati, weka filta, alafu fokasi ifanye upya ukiwa kwenye urujuanimno wenyewe.

Kwa kuwa mawingu hayaonekani moja kwa moja kwenye skrini, usiyatafute. Fanyia fokasi kwenye zile ncha mbili za pembe za sayari au kwenye ukingo unaong'aa. Sogeza polepole mpaka upite, rudi mpaka upite tena upande wa pili, alafu simama katikati. Hewa ikitetemeka subiri sekunde chache kila mara kabla hujaamua, maana unaweza kuwa unahukumu hewa ukidhani ni fokasi.

Rudia kila baada ya dakika 15 au 20, joto linabadilika alfajiri na bomba la darubini linajikunja na kutanuka. Umefaulu ukiona ncha zimechongoka na ukingo umekaza kwa vipindi vifupi, hata kama katikati ya vipindi hivyo unayumba.

Hatua ya 5: Rekodi

Weka muda wa fremu kati ya milisekunde 10 na 30. Geini ipandishe bila woga mpaka histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye programu, ifike asilimia 60 au 70. Picha itakuwa na chengachenga nyingi na utashtuka, ni sawa, maelfu ya fremu yatazizika. Kinachoua ni fremu ndefu, ukienda milisekunde 60 hewa inachanganya kila kitu ndani ya fremu moja na hakuna cha kuchambua tena. Ukingo unaong'aa usiungue lakini, histogramu ikigonga 100 mawingu ya upande huo yamepotea.

Hifadhi kwa faili za SER (aina ya faili ya video ya sayari), kata picha ibaki sayari na nafasi kidogo pembeni ili kasi ya fremu iwe kubwa na diski isijae.

Urefu wa video tuupige hesabu badala ya kubahatisha. Zuhura ikiwa sekunde 24 za tao, kila sekunde moja ni kilomita 500 hivi. Mawingu yanakwenda kwa mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Darubini ya milimita 200 kwa urujuanimno inatenganisha kama sekunde 0.45 za tao, ambazo ni kilomita 220 na kitu. Kwa dakika 12 wingu limesogea kilomita 72, theluthi moja ya hapo, haliharibu kitu. Kwa hiyo piga video 4 za dakika 3 mfululizo, hizo utazihesabu kama kundi moja la wakati mmoja.

Zipige nne, usipige moja ndefu ya dakika 12. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7 na ndiyo inayotenganisha picha ya kweli na picha ya kujidanganya.

Na saa. Kompyuta iwe imesawazishwa na intaneti usiku huohuo, na muda uandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Afrika Mashariki toa saa 3, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi toa 2, Muscat toa 4. Mswahili ana mtego wa ziada, ukiandika kwenye daftari "saa 12 asubuhi" alafu wiki ijayo ukaisoma kama 12 ya kizungu umeharibu data yako yote. Saa kumi na mbili asubuhi ya Dodoma ni 03:00 UTC, andika hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Rundika fremu

Fungua kila video kwenye AutoStakkert peke yake. Pointi za kushikia, zile programu inazotumia kulinganisha fremu, ziwe chache na kubwa, hata moja inayofunika sayari yote inatosha, kwa sababu uso hauna alama kali na pointi ndogondogo zitashikilia chengachenga badala ya sayari. Chukua asilimia 20 mpaka 30 ya fremu bora, ukichukua 5 utabaki na chenga. Matokeo yatakuwa laini, mepesi, kama hayana kitu. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Hatua ya 7: Noa, lakini kwa adabu

Kwenye RegiStax kunoa kunagawanywa kwa matabaka, la kwanza ni la vitu vidogo kabisa. Anza na tabaka la pili na la tatu, lile la kwanza liache kwanza maana ndilo lenye chenga. Pandisha kidogokidogo. Madoa ya Zuhura ni mapana na laini, yanatoka kwa kunoa kwa upana mkubwa, sio kwa kukaza mistari myembamba. Alafu punguza gamma (mwangaza wa sehemu za kati) kidogo ili ukingo mkali usimeze katikati.

Sasa hatari. Ukinoa kupita kiasi programu inaanza kuchora. Inachora duara jembamba linalofuata ukingo kwa ndani, inachora mkanda mweusi sambamba na mpaka wa nuru na giza, na inachora madoadoa yaliyotawanyika sawasawa uso mzima. Vyote vitatu havipo Zuhura. Nimeona picha zinasifiwa na zina mikanda mitatu iliyopinda kwa kufuata ukingo kama vitunguu vilivyokatwa, na hakuna wingu hata moja humo ndani.

Kipimo ni hiki. Noa ile video ya kwanza na ya nne kwa vipimo vilevile kabisa, ziweke moja juu ya nyingine na uzipishanishe. Doa linaloonekana kwenye zote mbili mahali palepale ni wingu. Linaloonekana kwenye moja tu lifute moyoni, hata kama ni zuri. Ukiwa na filta ya infraredi piga na video moja kwa hiyo pia, kinachotokea kwa nguvu ileile kwenye infraredi na urujuanimno kina uwezekano mkubwa wa kuwa uchafu kwenye sensa au kazi ya programu.

Ukishajua yapi ni ya kweli unganisha video zote nne upate picha moja safi.

Hatua ya 8: Unatakiwa uone nini

Kitu cha kwanza kutokea kwa watu wengi ni kofia za ncha, kaskazini na kusini panang'aa kuliko katikati, mara nyingi na shingo nyeusi chini yake. Alafu mikanda ya latitudo za kati inayopinda. Karibu na ikweta tafuta mkono mweusi wa mlalo unaogawanyika mara mbili, umbo la herufi Y iliyolazwa. Hiyo Y ni kubwa kiasi cha kufunika sehemu kubwa ya sayari, kwa hiyo siku nyingine utaona shina lake tu, siku nyingine mikono tu, na siku nyingine upande ulio mbele yako ni mchanganyiko usio na umbo. Usikate tamaa kwa siku moja. Rudi baada ya siku 4 au 5, upande uleule utakuwa umekugeukia tena.

Ukiona kofia tu na giza la katikati lisilo na umbo, umeshafaulu urujuanimno, kilichobaki ni hewa nzuri.

Hatua ya 9: Pima upepo

Hapa ndo picha inageuka kuwa kipimo cha angahewa, na wengi wanaishia kabla ya hapa bila sababu.

Unahitaji makundi mawili ya video, asubuhi ileile, yamepishana saa 2 mpaka 3. Kundi la kwanza sayari ikifika nyuzi 30, la mwisho kwenye saa mbili asubuhi, ukiweza na lingine katikati ili usipotee doa lako.

Ingiza picha kwenye WinJUPOS, andika muda wa katikati wa kundi kwa UTC, alafu laza ule wavu wa duara juu ya sayari. Kuwa makini, mpaka wa nuru na giza sio ukingo wa sayari, wavu uushike kwa ukingo unaong'aa na kwa zile ncha mbili. Wavu ukikaa vibaya kwa pikseli mbili tu, longitudo inakwenda na maji. Chagua doa lisilo mbali na ikweta, soma longitudo yake kwenye picha zote mbili.

Ukitaka kuelewa programu inachofanya jaribu kwa mkono. Tuseme nusu kipenyo cha sayari ni pikseli 60, na doa lipo pikseli 20 kutoka katikati kwenye mstari wa ikweta. 20 gawa kwa 60, tafuta pembe yenye sine hiyo, ni nyuzi 19.5. Baada ya saa 3 doa lipo pikseli 30, hiyo ni nyuzi 30. Limesogea 10.5 kwa saa 3, yaani 3.5 kwa saa. Kwenye kimo cha mawingu nyuzi moja ya ikweta ni kilomita 107 hivi, kwa hiyo upepo ni kilomita 374 kwa saa, karibu mita 104 kwa sekunde. Na kwa mwendo huo mzunguko mzima unachukua siku 4 na robo hivi, wakati ardhi ya Zuhura chini yake inachukua siku 243 kujizungusha mara moja. Mawingu yanaikimbiza sayari yao wenyewe zaidi ya mara 50.

Mwelekeo nao ukague. Zuhura ikiwa ya alfajiri, madoa yanatoka kwenye mpaka wa giza kwenda kwenye ukingo unaong'aa. Ikiwa ya jioni ni kinyume, kutoka ukingo kwenda kwenye giza. Doa lako likienda upande mwingine, umegeuza picha moja au umechanganya muda, au sio wingu.

Matokeo kati ya mita 80 na 120 kwa sekunde yanaingia akilini. Ukipata 30 au 200 usilazimishe, angalia wavu kwanza, alafu muda.

Data ipeleke wapi

Chombo cha Kijapani cha Akatsuki kilikuwa kikiizunguka Zuhura tangu Desemba 2015 na kamera yake ya urujuanimno ilipiga kwa nanomita 283 na 365. Mawasiliano nacho yalikatika Aprili 2024. Mpaka misheni mpya zifike kule, mfululizo wa kila siku wa mawingu yale unategemea sana darubini za watu wa kawaida, na watu wengi wanaopiga wapo Ulaya, Japani na Australia. Longitudo zetu za Afrika Mashariki zinaweza kujaza saa ambazo wao hawapigi au wamefunikwa na mawingu.

Hifadhi za kupeleka zipo mbili zinazojulikana, PVOL inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque kule Hispania, na ALPO-Japan. Jina la faili liwe na tarehe na muda wa UTC, alafu filta. Ndani ya maelezo weka kipenyo cha darubini, f, kamera, aina ya filta pamoja na kioo chochote ulichoongeza, na mahali ulipopigia. Kaskazini iwe juu na uandike hivyo. Na picha ile laini ya hatua ya 6, kabla hujanoa, itunze kwenye diski kwa jina lilelile, kwa sababu mtafiti akivutiwa na doa lako atakuomba hiyo kwanza.